Filamu za wageni na ulimi wa mwenyewe

Katika barza na mikusanyiko yetu huku ughaibuni kuna ubishi usiokwisha kuhusu sinema. Wapo wasemao kwamba sinema ni starehe tu: mtu ametoka zamu ya usiku, amechoka, anataka kucheka au kuona ngumi zikirushwa, kisha alale. Hatuwalaumu. Lakini wapo pia, nasi tumo miongoni mwao, walioangukia kwenye filamu za namna nyingine. Ni filamu zinazotengenezwa kwa fedha kidogo, nje ya makampuni makubwa ya Hollywood, na watu ambao majina yao twayatamka kwa shida. Filamu hizo zikimalizika hazimalizi kitu. Unatoka ukumbini, unapanda basi, unafika nyumbani, na bado unabishana nazo kichwani.

Leo tunataka kuzungumzia filamu tano za aina hiyo ambazo tumezitazama na kuzirudia kwa miaka kadhaa. Hatufanyi uhakiki wa kitaalamu, maana wenye taaluma yao wapo. Tunataka kueleza zilivyotugusa, na kulileta mbele ya wasomaji swali moja zilizotuachia: mtu anapoonyeshwa kwenye filamu, hasa mtu mnyonge, anasema kwa ulimi wa nani?

Kutazama filamu za wageni si jambo jipya kwetu. Wazee wetu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam waliyajaza majumba ya sinema kuangalia filamu za Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 na Mother India ya mwaka 1957 ziliwaliza watu wasiojua hata neno moja la Kihindi, na nyimbo zake ziliimbwa majumbani kwa maneno ya kubuni. Baadaye yakaja mabanda ya video. Humo mtafsiri alishika kipaza sauti akamfanya mpiganaji wa Hong Kong aseme Kiswahili cha mtaani, akatukana na akaapa kama kijana wa kwetu. Nchini Kenya sauti ya DJ Afro imejulikana kuliko ya waigizaji wenyewe. Kwa hiyo watu wetu walikwishaelewa, bila kufundishwa na chuo chochote, kwamba picha peke yake haitoshi. Picha inataka ulimi.

BINTI WA DAKAR

Filamu ya kwanza ni La Noire de..., ya mwaka 1966. Mwongozaji wake ni Ousmane Sembène wa Senegal, aliyepata kuwa kuli wa bandarini Marseille, kisha akawa mwandishi wa riwaya, kisha akageukia kamera kwa sababu alijua kwamba wengi wa watu aliowaandikia hawakujua kusoma. Ni filamu ya nyeusi na nyeupe, fupi, ya muda wa kama saa moja. Inamhusu Diouana, binti wa Dakar anayepata kazi ya kulea watoto kwa familia ya Kifaransa. Wakubwa wake wanaporudi kwao wanamwita awafuate Antibes, kusini mwa Ufaransa. Yeye anadhani anakwenda kuiona Ufaransa. Anachokiona ni jiko, bafu na sakafu.

Kuna jambo moja katika filamu hiyo ambalo halijatutoka. Inafika barua kutoka kwa mama yake Diouana. Diouana hajui kusoma wala kuandika, basi tajiri wake anamsomea, kisha anachukua kalamu na kuanza kumwandikia majibu kwa maneno yake yeye: kwamba hajambo, kwamba anatendewa vyema. Diouana hajasema lolote kati ya hayo. Anaichukua barua na kuichana. Baada ya hapo mambo yanakwenda kombo mpaka binti huyo anajitoa uhai bafuni.

Tulipoitazama kwa mara ya kwanza hatukuifikiria Senegal. Tuliwafikiria mabinti wa Mombasa, Tanga, Unguja na Kampala wanaokwenda nchi za Ghuba kufanya kazi za ndani, wale waitwao khadama. Wengine hufika kwa watu wema, wakalipwa, wakajenga kwao. Wengine hunyang'anywa pasi na simu, na mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, ukawafanya wasiwe na pa kukimbilia. Nyumbani ndugu wanaposubiri habari, wanachopata mara nyingi ni sauti ya mtu mwingine: wakala, tajiri, au balozi akisema kwamba suala linashughulikiwa. Barua ya Diouana inaandikwa mpaka leo, ila sasa hutumwa kwa simu.

Hata hivyo kuna kitu kilichotusumbua katika filamu yenyewe. Sauti ya ndani ya Diouana, yale mawazo yake tunayoyasikia, imo kwa Kifaransa fasaha, na si sauti ya Mbissine Thérèse Diop aliyeigiza, bali ya mwigizaji mwingine. Binti ambaye barua yake imeandikwa na mwingine, hata mawazo yake amesemewa na mwingine! Tuliliona hilo kama kasoro. Tukaja kufahamu kwamba Sembène naye hakuridhika na kutengeneza filamu kwa Kifaransa.

HAWALA YA PARIS

Ushahidi ni filamu yake iliyofuata, Mandabi, ya mwaka 1968. Hii aliitengeneza kwa Kiwolof, na hutajwa kuwa ndiyo filamu ndefu ya kwanza kwa lugha ya Kiafrika ya magharibi mwa bara letu. Ndugu msomaji uliye Muscat, Leicester au Minneapolis, ukitafuta filamu moja ya kuanzia, tunakushauri uanze na hii, maana inakuhusu wewe na risiti zako za kutuma pesa.

Ibrahima Dieng ni mtu mzima wa Dakar, ana wake wawili na watoto wengi, hana kazi. Siku moja inafika hawala ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake ambaye anafagia mitaa ya Paris. Sehemu ya fedha hizo ni ya mama wa kijana, sehemu awekewe akiba, na kidogo ni yake Dieng. Kabla hajafika posta, mtaa mzima umekwishapata habari. Wake zake wamekwishakopa mchele dukani. Majirani wamekuja na shida zao. Anapofika dirishani anaulizwa kitambulisho, hana. Kupata kitambulisho kunataka cheti cha kuzaliwa, hana. Anataka picha, mpiga picha anamdhulumu. Kila ofisi inamwonyesha mlango wa ofisi nyingine. Mwisho jamaa yake mwenye suti na Kifaransa kizuri anajitolea kumsaidia, na huyo ndiye anayezila fedha zote.

Tulicheka sana, na tulipomaliza kucheka tukanyamaza. Sisi tunaotuma tunajua upande mmoja tu wa hadithi: foleni ya dukani, ada, namba ya siri, ujumbe wa "tumepokea". Hatuoni safari ya fedha baada ya hapo. Hatuoni aibu ya mtu mzima anayesimamishwa mbele ya dirisha kwa sababu hana karatasi ya kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Na sisi tuliowahi kupita katika ofisi za uhamiaji za ugenini tunaijua aibu hiyo kwa upande wake wa pili. Dieng ni mtu wa majivuno, mpenda kula, mwenye kuwakemea wake zake. Sembène hakumsafisha ili tumpende. Lakini kwa kuwa anasema Kiwolof, anaapa, anabishana, anaomba dua na anadanganya kwa lugha yake, hatukumwonea huruma kama mtu wa mbali. Tulimwona kama ami yetu.

UA WA BAMAKO

Filamu ya tatu ni Bamako, ya mwaka 2006, ya Abderrahmane Sissako, mzaliwa wa Mauritania aliyekulia Mali. Sissako alichukua ua wa nyumba ya marehemu baba yake, akaweka meza, mahakimu na mawakili wa kweli, akaishitaki Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Hakuna mchezo mwingine mkubwa zaidi ya huo. Mashahidi wanakuja mmoja mmoja kueleza masharti ya mikopo yalivyofunga shule, reli na hospitali. Pembeni maisha yanaendelea: wanawake wanatia nguo rangi, mtoto anataka kunyonya, harusi inapita katikati ya mahakama.

Mtu wa Tanzania hahitaji kutafsiriwa kesi hiyo. Nchi ilitia saini makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 baada ya miaka ya kuvutana, na waliokuwa watu wazima miaka ya 1990 wanakumbuka neno "kuchangia" lilivyoingia hospitalini. Mwaka 2005 serikali ilivunja mkataba na kampuni ya binafsi iliyopewa maji ya Dar es Salaam kwa shinikizo la sera hizo hizo. Tumeandika habari za namna hiyo mara nyingi katika kazi yetu, zikiwa na takwimu na majina ya mawaziri, na wasomaji wakapiga miayo. Sissako aliiweka habari ile ile uani, kati ya beseni na kuku, tukakaa wima.

Lakini mawakili si wao waliotubakia kichwani. Ni mashahidi wawili. Wa kwanza ni aliyekuwa mwalimu wa shule. Anaitwa, anasimama, anataja jina lake na kazi yake, kisha hasemi kitu. Mahakama inangoja. Hasemi. Anaondoka. Wa pili ni mzee mkulima, Zegué Bamba, ambaye mwanzoni mwa filamu alitaka kusema akaambiwa zamu yake bado. Mwishoni anasimama na kutoa ushahidi wake kwa kuuimba, kwa lugha ya kwao, sauti ikipanda na kushuka. Sissako hakuweka tafsiri.

Ukumbini tulikuwa Waafrika wachache. Tuliwaona wenyeji waliotuzunguka wakitupia macho chini ya picha kutafuta maandishi ya tafsiri, hayapo. Sisi pia hatukuelewa neno. Kwa dakika zile kila mtu mle ndani alikuwa sawa: hakuna aliyeweza kumfupisha mzee yule, wala kumchukulia maneno yake akayageuza kuwa ripoti. Ilibidi asikilizwe. Na ajabu ni kwamba hakuna aliyetoka akisema hakufahamu alichokuwa akilalamikia.

JINAMIZI LA MWANZA

Sasa tufike pagumu. Filamu ya nne ni Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, ya mwaka 2004, ya Hubert Sauper wa Austria. Nyumbani wengi waliijua kwa jina la filamu ya mapanki. Inahusu Mwanza na samaki wa sangara, aliyepandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, akala furu mpaka mamia ya aina zao wakapotea, kisha akageuka kuwa biashara kubwa. Viwanda vinakata minofu, ndege kubwa za mizigo zenye marubani wa Urusi na Ukraine zinaibeba kwenda Ulaya. Vinavyobaki ni vichwa na mifupa, yaani mapanki, vinavyoanikwa juani na kukaangwa kwa ajili ya wasio na uwezo wa kununua minofu. Filamu inawaonyesha watoto wa mitaani, wanawake wanaouza miili yao kwa marubani, na inauliza ndege hizo zinapokuja huwa zimebeba nini. Mmoja wa watu wa ndege anasimulia safari ya kupeleka silaha Angola na kurudi na zabibu kwa ajili ya Ulaya.

Filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar ya mwaka 2006, na mwaka huo huo ikapata tuzo ya César nchini Ufaransa. Katikati ya mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete akaishutumu hadharani kwamba inaichafua nchi, na maandamano yakafanyika Mwanza kuipinga. Mwandishi wa habari wa Kitanzania aliyezungumza ndani yake alijikuta mikononi mwa dola, na uraia wake ukatiliwa shaka. Huko Ufaransa mwanahistoria mmoja aliiandikia filamu hiyo mashambulizi makali, Sauper akaenda mahakamani, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia hatiani mwanahistoria huyo kwa kashfa.

Sisi tuliitazama tukiwa ugenini. Taa zilipowaka, bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa jirani alitugeukia, macho yamemlenga machozi, akatuuliza kama tunatoka huko. Tulipomjibu alitushika mkono kama anayetoa pole ya msiba. Tangu siku ile hatujaacha kujiuliza kwa nini mkono ule ulituudhi kiasi kile.

Jibu la haraka lilikuwa kwamba filamu imetuaibisha. Lakini jibu hilo halikutosha, kwa sababu mengi tuliyoyaona yalikuwa kweli. Watoto wa mitaani wapo. Mapanki yapo. Msemo wetu wenyewe unatuambia kwamba mficha maradhi kilio humfichua, na mtu aliyewahi kufanya kazi ya habari nchini mwetu hawezi kujiunga na kundi la wanaotaka kufunika. Tukauliza jamaa zetu wa Kanda ya Ziwa tulio nao huku. Mmoja alisema filamu ni ya kweli, na wanaokasirika ni wanaokula minofu. Mwingine, ambaye familia yake imesomeshwa kwa fedha za samaki, alisema Mwanza ya filamu haina shule, haina soko la nguo, haina mtu anayerudi jioni kwa mkewe akiwa ameshiba. Wote wawili wana haki.

Tulikuja kulipata jibu tulipoitazama kwa mara ya pili, safari hii tukifumba macho mara kwa mara na kusikiliza tu. Watu wawili wasiosahaulika katika filamu ile ni Raphael, mlinzi wa usiku wa taasisi ya utafiti wa samaki, mwenye upinde na mishale ya sumu, anayelipwa kama dola moja kwa usiku. Na Eliza, binti aliyekuwa na marubani, ambaye aliuawa na mteja kabla filamu haijakamilika. Kiswahili kimo humo, lakini hawa wawili sehemu kubwa ya maneno yao kwa kamera ni Kiingereza. Na ni Kiingereza cha kuungaunga, cha mtu anayeokota neno lililo karibu na si analolitaka. Raphael anasema kwamba watu wengi wangetamani vita, kwa maana jeshini mtu hulipwa vizuri. Kwa Kiingereza kile, maneno hayo yanamfanya aonekane mtu wa kutisha, karibu na mnyama wa msituni.

Tulijiuliza angeyasemaje kwa Kiswahili. Kila aliyepata kukaa na mlinzi wa usiku anajua: angeanza kwa salamu, angekuuliza habari za nyumbani, angetia mzaha, angesema jambo kwa mafumbo na kukuachia ulimalize. Pengine tungegundua kwamba alikuwa akiwakejeli wakubwa. Pengine tungegundua kwamba kweli anataka vita, na tungejua kwa nini. Hatutajua kamwe. Eliza naye, kuna pahala anaimba wimbo wa kuisifu Tanzania. Ni hapo tu, kwa dakika chache, ndipo tulipohisi kwamba tumekutana naye. Kabla na baada ya hapo tulikutana na huruma ya wengine juu yake.

Hiyo ndiyo kesi yetu na Sauper, na haifanani na ile ya serikali. Hatusemi mgeni asije kwetu na kamera. Hatusemi ameona uongo. Tunasema kwamba aliona mengi na kusikia machache. Kumwuliza maskini kwa lugha asiyoimudu ni sawa na kumpiga picha kwenye kiza: atatokea, lakini sura haitakuwa yake. Ule mkono wa pole ulituudhi kwa sababu ulitolewa kwa watu ambao bado hawakuwa wamesema.

Na kesi yetu na waliopiga kelele nyumbani ni kubwa zaidi. Walipopata filamu wasiyoipenda hawakumpa Raphael nafasi ya kusema kwa Kiswahili katika televisheni ya taifa. Hawakuuliza wanawake wa mapanki wanalipwa nini na wanaumwa nini. Waliita maandamano, na aliyesema ndani ya filamu akaandamwa. Hivyo kwa mgeni mnyonge alisema nusu, na kwa wenyewe akatakiwa asiseme kabisa.

ASIYERUHUSIWA KUTENGENEZA FILAMU

Filamu ya tano inatoka Iran na inaitwa This Is Not a Film, yaani hii si filamu. Jina hilo si mapambo. Mwezi Desemba 2010 mwongozaji Jafar Panahi alihukumiwa miaka 6 jela na kukatazwa kwa miaka 20 kutengeneza filamu, kuandika miswada yake, kusafiri nje na kuzungumza na waandishi wa habari. Akisubiri rufaa, alimwita rafiki yake Mojtaba Mirtahmasb aje nyumbani na kamera. Panahi akasema kwamba hukumu haikumkataza kusoma. Basi akachukua mswada aliokataliwa, akabandika utepe juu ya zulia la sebuleni kuonyesha hiki ni chumba, huu ni mlango, hapa ndipo binti atakaposimama, akaanza kusoma. Ghafla anakatisha. Anauliza, kama filamu inaweza kusimuliwa kwa mdomo, kwa nini basi itengenezwe? Kilichorekodiwa kilipelekwa tamasha la Cannes mwaka 2011, na inasimuliwa kwamba kilisafirishwa katika kijiti cha kompyuta kilichofichwa ndani ya keki.

Hapo hatukuweza kukaa kimya kama watazamaji wa kawaida. Sisi tulioikimbia kazi yetu kwa kuikimbia nchi tulimtazama mtu aliyebaki nyumbani kwake, amefungiwa, na bado anatafuta tundu dogo la kupitishia neno. Wakati ule wengi wetu tulikuwa na uhuru wote wa kusema na hatukuwa na wa kumwambia uso kwa uso. Yeye alikuwa na watu wake wote nje ya dirisha, akisikia fataki zao, na hana ruhusa ya kusema nao. Tulijiuliza ni nani kati yetu aliye mbali zaidi na kwao. Hatukupata jibu, na hatutaki kujifanya tumelipata.

Panahi hakuacha. Filamu yake ya Taxi ilipata Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2015, na kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kusafiri, tuzo ilipokewa na mpwa wake mdogo aliyeigiza humo. Julai 2022 alitiwa jela, akatoka Februari 2023 baada ya kugoma kula. Mwaka 2025 alikwenda mwenyewe Cannes na kupokea tuzo kuu ya Palme d'Or kwa filamu ya It Was Just an Accident, aliyoipiga Iran bila kibali. Filamu hizo zote ni za Kiajemi, za watu wa mitaa yake, na humo hakuna Muirani anayetazamwa kwa huruma ya mgeni. Wamo waongo, waoga, wema, wabishi. Kisa cha sebuleni kinatuonyesha kitu ambacho watawala wanakifahamu kuliko watazamaji: kinachoogopwa hasa ni watu kusikia jirani zao wakisema kwa lugha ya nyumbani. Nchi ikichafuka jina ugenini, hilo huvumilika.

TUFANYE NINI

Tukizikusanya filamu hizi tano tunaona jambo moja. Diouana aliandikiwa barua na tajiri wake. Dieng alipewa lugha yake akawa mtu kamili, pamoja na ila zake. Mzee wa Bamako alikataa kutafsiriwa. Raphael aliulizwa kwa ulimi wa kuazima. Panahi alikatazwa kusema, akasoma. Kwa hiyo mtu akituuliza filamu fulani imetusifu au imetuaibisha, tunamwambia swali hilo ni dogo. Aulize kwanza: waliomo wamesema wenyewe?

Dawa ya filamu isiyotutosheleza ni filamu nyingine. Haijapatikana bado marufuku iliyomfanya mtu asahau alichokiona. Na hatuanzi patupu. Tamasha la filamu la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likikusanya watu Ngome Kongwe tangu mwaka 1998. Nairobi Half Life ya David Gitonga, ya mwaka 2012, iliwaacha wezi wa Nairobi waseme Kiswahili na Sheng, na watu wakajaa majumba ya sinema kuwasikiliza. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa Toronto mwaka 2021 kwa Kiswahili cha Unguja, na Wakanada ndio waliosoma maandishi chini.

Sisi wa ughaibuni tuna la kufanya pia, na si lazima liwe kubwa. Tuzitazame filamu hizi pamoja na watoto wetu, ambao wengi wao Kiswahili kinawapiga chenga, tusimamishe katikati, tubishane kwa Kiswahili. Wakituuliza kama nyumbani ni hivi, tusiwajibu ndiyo wala hapana kwa haraka. Na vijana wetu wanaosoma masomo ya filamu katika vyuo vya huku, wakipata nauli, wasikimbilie kupiga picha za machweo na wanyama. Waende Mwanza. Wamtafute mlinzi yeyote wa usiku, wakae naye kwenye benchi mpaka kuche. Wamwamkie kwanza, kisha wamwache aseme.